Ufunguo wa Baa

Ukumbi wa kwanza wa pombe ulioruhusiwa kisheria kwa Waafrika wa Nairobi haukuwa wa Mwafrika. Ulikuwa wa baraza la mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipokuwa inavunja vijiji ambavyo Waafrika walikuwa wamejijengea, vikiwamo Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini, na kuwasukuma wenyeji wake hadi Pumwani, baraza lilijenga huko huko ukumbi wa pombe na kujipa haki ya peke yake ya kupika na kuuza. Mwingine yeyote aliyechachusha mtungi chumbani mwake alihesabiwa mhalifu.

Wazo hilo lilitoka Durban, Afrika Kusini. Sheria ya Natal ya 1908 iliziruhusu halmashauri za miji kuhodhi biashara ya pombe ya kienyeji, na faida yake ikagharamia usimamizi wa mitaa ya weusi. Watawala wa Nairobi walilipenda kwa kuwa liliwatatulia mambo mawili kwa mpigo: mnywaji yuko mahali anapoonekana, na senti zake zinarudi kwao. Faida ya ukumbi wa Pumwani iliingia katika mfuko maalumu wa huduma za Waafrika. Hamali wa reli au mpishi wa nyumba ya Mzungu alipokunywa kikombe chake Jumamosi jioni, alikuwa analipia huduma za mtaa wake kwa mara ya pili, maana kodi ya kichwa alishaitoa.

Naanza na ukumbi huo kwa sababu swali lililozaliwa pale ndilo ninalolifuata katika sura hii nzima. Ufunguo wa mlango wa baa uko mfukoni mwa nani? Anayeushika ndiye anayeamua nani aketi, akae hadi saa ngapi, azungumze nini, na fedha zilizobaki usiku ziende kujenga nyumba ya nani.

Kabla ya ufunguo wa baraza kulikuwa na ule wa wanawake. Pangani ya zamani ya Nairobi ilikuwa mji wa nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha, na wenye nyumba wengi walikuwa akina mama waliotoka mashambani na pwani, wengine wakikimbia ndoa, wengine njaa na madeni ya baba zao. Mwanahistoria Luise White, ambaye kitabu chake cha 1990 kinaeleza maisha ya wanawake wa Nairobi chini ya ukoloni, alikaa na wazee wa Pumwani na Kibera wakamsimulia jinsi mwanamke alivyojikusanyia fedha chumbani: kupangisha, kupika chai na chakula, kulaza wageni, kuuza pombe. Mapato hayo yakageuka kuwa nyumba, na nyumba ikageuka kuwa heshima. Katika mji ambao sheria haikumtambua hata kama mkazi, mama wa Pangani alikuwa na mlango wake, benchi lake na wateja aliowajua kwa majina ya baba zao.

Hiyo ndiyo baa ya kwanza ya mtaa ninayoitambua. Haikuwa na kibao wala leseni. Ilivunjwa mwaka 1938 na 1939, Pangani ilipobomolewa na wenye nyumba wake kuhamishiwa Shauri Moyo, kwenye nyumba imara zaidi za mawe ambazo hawakuzimiliki. Walipata paa zuri, wakapoteza mali ya kurithisha. Sioni sababu ya kuliita jambo hilo maendeleo, ingawa ripoti za wakati huo ziliandika hivyo.

Mitaa mingi iliyofuata ilijengwa kwa hesabu moja. Starehe, Ziwani, kisha Bahati, Mbotela na mingineyo: vyumba vya mtu mmoja, mfanyakazi asiye na mke wala mtoto mjini, ambaye akizeeka atarudi kwao. Mshahara ulipangwa kwa msingi huo. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba malipo ya Mwafrika mjini yalikuwa ya kumlisha kapera, ikapendekeza kwamba hatua kwa hatua yafikie ya kumlisha mtu na familia yake. Hadi wakati huo wanaume kadhaa waligawana chumba kimoja, vitanda vikiwa ubavu kwa ubavu na jiko la makaa mlangoni. Ndugu akija kutoka Kakamega au Machakos, utamketisha wapi? Mzee wa ukoo akileta neno zito, mtalizungumzia mbele ya nani? Eastlands, kama inavyoitwa mitaa hii ya mashariki mwa mji, ilijengwa bila sebule, na baa ndiyo iliyoichukua kazi hiyo.

Bia ya chupa ilikuwa habari nyingine. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianza mwaka 1922, na kreti kumi za mwanzo zilipelekwa hoteli ya New Stanley. Mwaka uliofuata tembo alimuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi, na kutokana na kifo hicho bia ikaitwa Tusker. Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Aliibeba na kuimimina, akaosha glasi. Ruhusa ilianza kulegezwa mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya askari wa King's African Rifles kurudi kutoka vita vya Burma, ambako walikuwa wamepigana bega kwa bega na watu wa mataifa mengine. Vita hivyo vimebaki katika ramani ya mtaa hadi leo: soko la Burma, karibu na City Stadium, ambako nyama huchomwa kutwa kucha. Pombe kali iliendelea kukatazwa hadi katikati ya miaka ya 1950.

Kwa hiyo chupa ya bia mezani ilikuwa na uzito ambao kijana wa leo hawezi kuuona. Ilimaanisha kwamba mtu amehesabiwa kuwa mtu. Na kwa kuwa ilibeba maana hiyo, kuiacha nako kukawa na maana. Mwaka 1953 vuguvugu la Mau Mau liliwaagiza Waafrika wa Nairobi wasipande mabasi ya kampuni, wasivute sigara za Kizungu, wasinywe bia ya Kizungu. Watu wakatembea kwa miguu kutoka Bahati hadi viwandani, na wauza bia wakakaa na kreti zao. Watawala walielewa ujumbe. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji katika Operesheni Anvil, mtaa baada ya mtaa ukapekuliwa, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Vyumba vilivyobaki vitupu vilijazwa na Waluo, Waluhya na Wakamba. Eastlands unayoiona katika baa za miaka ya sitini, yenye lugha tano kwenye meza moja, ilitokana kwa sehemu kubwa na operesheni hiyo chungu.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya kwanza ya Uhuru ufunguo ulibadilisha mikono. Baraza la mji, ambalo mwaka 1962 lilimpata Charles Rubia kuwa meya wake wa kwanza Mwafrika, lilikuwa limejenga katika kila mtaa safu ya maduka ya kupangisha wafanyabiashara. Ukizunguka Jericho, Maringo, Makadara au Uhuru utayaona bado: jengo refu la chini, ukumbi mwembamba mbele, milango ya mbao iliyopakwa rangi mara nyingi hadi kona zake zimekuwa za duara. Duka la unga, kinyozi, fundi cherehani, bucha, baa. Mwenye baa hakumiliki ukuta. Huo ulibaki wa baraza. Alimiliki leseni, kreti, redio na jina lake. Kwa watu waliozuiwa kumiliki ardhi mjini kwa nusu karne, haikuwa mali ndogo.

Wamiliki hao walitoka wapi? Wengi walikuwa watu waliowahi kushika kazi ya mshahara karibu na Mzungu au Mhindi: karani wa reli, mpishi wa hoteli, sajini mstaafu, dereva wa lori la bia aliyejua bei ya jumla. Mtaji wa kwanza ulikuwa kiinua mgongo au mchango wa ndugu. Baa ilivutia kwa sababu ilihitaji elimu ndogo na uaminifu mkubwa. Mfumo wa chupa zinazorudishwa ulimlazimisha mwenye baa kuwa mhasibu: kreti tupu ni fedha, chupa iliyovunjika ni hasara yake, na gari la kiwanda halimpi nyingine kabla hajarudisha za jana.

Ingia ndani ya mojawapo, hata leo. Kaunta imezungushiwa nondo kutoka mbao hadi dari, na katikati pana kidirisha kinachotosha chupa moja na mkono mmoja. Wageni hudhani ni jela. Nondo hizo zimelinda droo ya fedha katika mitaa ambayo polisi hufika baadaye, na mhudumu aliye nyuma yake huweza kumkatalia mlevi bila kuogopa ngumi. Viti ni vizito ili visirushwe. Ukutani ipo kalenda ya kampuni ya bia, leseni iliyofungwa kwenye fremu ya kioo, na bango lenye maneno makali kuhusu mkopo. Karibu na choo pana sinki la kunawia mikono, maana bucha iko mlango wa mbele: unachagua ubavu ukiwa bado unaning'inia, unapimwa, unakwenda kwenye makaa, na baada ya saa moja hivi unaletwa juu ya ubao na kisu, chumvi ikiwa imerundikwa pembeni, pamoja na kachumbari na ugali. Mhudumu anauliza swali lisiloulizwa Ulaya: baridi au moto? Moto maana yake bia isiyowekwa kwenye friji. Wazee wengi huitaka hivyo. Mazoea hayo yalianza zamani, na yamedumu ingawa stima imefika kila mahali.

Lakini baa haiwi alama ya mtaa kwa sababu ya nyama. Inakuwa alama siku mtu anapofariki.

Mfanyakazi wa Nairobi, kwa vizazi vitatu sasa, hutaka kuzikwa kwao. Mwili uko mochari ya jiji, kwao ni Siaya, Busia, Kitui au Murang'a, na kati ya hapo kuna gharama: siku za mochari, jeneza, gari la kubeba mwili, basi la waombolezaji, chakula cha siku mbili. Hakuna mshahara wa Eastlands unaoweza kubeba hayo peke yake. Ndipo kamati ya mazishi inapoundwa, na kamati inahitaji mahali pa kukutana kila jioni kuanzia saa kumi na mbili, panapojulikana na wote, pasipodai kodi, penye taa. Wengine hukutana katika kumbi za jamii, Kaloleni au Pumwani. Wengine kanisani. Kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa halimo katika daftari la kanisa lolote, palipobaki ni baa aliyokuwa akinywa.

Utaratibu wake una adabu yake. Mwenye baa hutoa meza ya nyuma, au chumba cha ndani kama kipo, na kuzima redio. Anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu hufungua daftari la shule na kulipiga mistari: jina, ahadi, taslimu, baki. Mwenye baa hutangulia kutoa, naye hutoa vizuri, kwa sababu kiasi chake ndicho kipimo cha wengine. Akitoa kidogo, mkutano wote unalegea. Kila mchango husomwa kwa sauti na kupigiwa makofi. Aliyeahidi na kukaa siku tatu bila kuleta hukumbushwa hadharani bila kutukanwa. Fedha za usiku huo, kabla simu za mkononi hazijawa benki, mara nyingi zililala ndani ya zile nondo, katika droo ya mwenye baa, kwa sababu hakuna chumba cha mtu wa kamati kilichokuwa na mlango imara kuliko huo. Siku ya mwisho gari linaondoka mochari jioni, vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vioo, ili lifike kwao alfajiri.

Nimesoma maandishi mengi yanayoeleza baa za Nairobi kama mahali pa kupotezea mshahara. Yanasema kweli, na nitafika huko. Ila ninamwomba msomaji aweke daftari lile la katibu kwenye mizani pia. Mezani hapo Mluo huchangia kumrudisha Mkamba kwao, na Mkikuyu humsindikiza Mluhya hadi Mumias, kwa sababu moja tu, kwamba walikaa viti jirani. Katika mwaka wa uchaguzi, wanasiasa wanapoigawa mitaa hii kama shamba la urithi, sijui ofisi ya serikali iliyofanya kazi ya kuwaunganisha watu kwa uaminifu kuliko kamati hizo.

Siasa nayo ilikaa mle ndani, kwa tahadhari. Eastlands ni shina la siasa za Kenya. Katika ukumbi wa Kaloleni, Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama kwenye mkutano wa pamoja wa Waafrika na Waasia kudai uhuru kamili. Mwanasiasa Tom Mboya alijenga nguvu zake katika mitaa hii, na alipouawa Julai 1969 mitaa hii ililia kwa hasira. Uwanja wa mikutano wa Kamukunji uko hatua chache kutoka Shauri Moyo. Kwa hiyo chama tawala kiliyajua masikio ya baa. Miaka ya themanini, hasa baada ya askari wa jeshi la anga kujaribu kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982, na kafyu iliyofuata, watu walijifunza kunyamaza mgeni anapovuta kiti. Aliyewahi kuishi wakati huo anakumbuka jinsi mazungumzo yalivyogeukia mpira ghafla, katikati ya sentensi. Mwenye baa alikuwa katika hali ngumu kuliko wateja: leseni yake ilipitia kwa watu wale wale, chifu, mkuu wa wilaya, kamati ya leseni, na ilimbidi aheshimu picha ya rais iliyotundikwa juu ya kaunta huku akiwalinda wanaoilalamikia. Wengi waliifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao haujaandikwa popote. Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, watu walipokwenda Kamukunji kudai vyama vingi, mazungumzo ya kunong'ona ya miaka minane yalitoka nje.

Mpira uliokuwa unaokoa mazungumzo hayo ulikuwa mapenzi ya kweli. City Stadium iko kando ya Jogoo Road, na jioni za Gor Mahia na AFC Leopards zilimwaga watu katika baa za Kaloleni, Makongeni na Burma, kila timu na upande wake. Mwaka 1987 Gor walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika, hata mashabiki wa Leopards walinunua. Muziki ulifuata wapangaji: benga, rumba ya Wakongo waliohamia Nairobi, baadaye mugithi ya gitaa moja ambayo Mike Rua na wenzake waliieneza kutoka baa hadi baa. Kwa mwenye baa, mpiga gitaa mmoja alikuwa nafuu kuliko bendi ya watu kumi, na hilo lilibadilisha muziki wa mji kuliko wahakiki wanavyokubali.

Wakati wanaume wenye leseni wakifungua milango ya mbele, wanawake walirudishwa nyuma. Pombe yao ilikuwa busaa na chang'aa, pombe kali ya kukeneka. Busaa ni kazi ya siku kadhaa: unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa uchachuke, unakaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, unakaa tena, kisha unachujwa kwa gunia. Hunywewa ikiwa nzito na yenye uvuguvugu, katika mkebe wa mafuta ya kupikia wa Kimbo. Ni chakula karibu sawa na kinywaji, na wanaume wengi wa viwandani waliishi kwa mkebe huo mchana.

Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Nici Nelson aliishi na kuchunguza maisha ya wapika busaa wa Mathare Valley. Alichokiona kilikuwa mtandao. Mama aliyekamatwa na polisi alichangiwa faini na jirani zake ili arudi kwa watoto usiku huo huo. Aliyepika leo alimuuzia mwenzake kwa mkopo, na kesho wakabadilishana. Taarifa ya msako ilipita kutoka mlango hadi mlango kabla lori halijafika bondeni. Walikuwa washindani wa biashara, na walijua kwamba bila wenzao hakuna atakayedumu mwaka. Wengi walikuwa wanalea watoto peke yao, na karo ilitoka katika mtungi. Ukimwuliza mwalimu, fundi au karani wa Eastlands aliyesoma miaka ile ni nani alimlipia shule, usishangae jibu.

Serikali ilichagua kuwapiga vita. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa mwaka 1980, na klabu za busaa zilizokuwa na leseni zikafungwa katika kampeni ya Rais Moi dhidi ya pombe za kienyeji. Sitetei chang'aa. Nimeona inavyomla mtu, na nimeona mke anayesubiri kando ya lango la kiwanda mwisho wa mwezi ili auwahi mshahara kabla haujafika kwa mama pima, muuza chang'aa. Lakini marufuku haikuiondoa. Iliiondoa mikononi mwa mama anayemjua mnywaji wake na kuitia mikononi mwa wasambazaji wasiojulikana, waliolipa hongo kubwa zaidi na kuongeza chochote kinachowasha koo. Novemba 2000, huko Mukuru, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Watu waliiita kumi kumi, kwa bei yake. Hakuna kamati ya mazishi iliyoweza kuhimili wiki hiyo.

Baada ya hapo ndipo kampuni kubwa ilipolitazama soko la maskini. Mwaka 2004 East African Breweries ilileta Senator, bia ya pipa iliyopunguziwa ushuru ili ishindane na pombe haramu. Mtaani ikaitwa kegi, na kwa muda ikaitwa Obama, kwa kuwa seneta aliyejulikana zaidi wakati huo, Barack Obama wa Marekani, alikuwa na damu ya Kogelo. Kegi ilifungua mamia ya vijibaa vya kuta za mabati, vyenye pipa, pampu, vikombe vya plastiki na benchi. Mtaji wake ni mdogo kuliko wa chupa, kwa hiyo akina mama wengi walirudi nyuma ya kaunta kihalali, mara hii wakiuza kinywaji kisichopikwa nao.

Sheria ya 2010, inayoitwa na wengi sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilifuta ile ya 1980. Chang'aa ikawa halali kwa masharti: kiwanda chenye leseni, vipimo vya ubora, chupa isiyopungua mililita 250. Baa zikapangiwa saa, kuanzia jioni siku za kazi, na zikakatazwa karibu na shule. Masharti ya afya ni sahihi na yalichelewa sana. Hata hivyo soma tena orodha hiyo kwa macho ya mama wa Mathare mwenye mtungi mmoja. Hakuna mstari uliomwonyesha njia ya kuingia. Sheria iliihalalisha pombe yake, naye ikamwacha pale pale alipokuwa.

Kwa mujibu wa katiba ya 2010 leseni za baa ziko chini ya kaunti. Mwezi Novemba 2022 serikali ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo katika mitaa ya makazi, kwa sababu ya kelele. Kelele zilikuwa za kweli. Katika miaka ya karibuni spika zimeongezwa hadi mtoto wa ghorofa ya nne hawezi kusoma. Tatizo ni kwamba tangazo la namna hiyo halitofautishi klabu ya mwekezaji aliyekuja juzi na baa ya viti ishirini iliyodumu tangu enzi za Rubia. Zote zinaandikwa neno moja kwenye fomu.

Na sasa kuta zenyewe zinakwenda. Nyumba za zamani za baraza huko Pangani zilibomolewa na minara ya ghorofa nyingi ikasimama mahali pake chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Shauri Moyo imeingia katika mpango huo, na mitaa mingine iko kwenye orodha. Mpangaji wa nyumba huandikwa, akahesabiwa, akaahidiwa nafasi ya kwanza. Ningependa kuona daftari hilo hilo likiwa na ukurasa wa maduka: nani ameishika leseni ya baa hii, tangu lini, na atapewa duka gani chini ya mnara kwa kodi ipi. Yule anayeuza kegi katika kibanda cha mabati nyuma ya safu, kwa ruhusa ya mdomo ya mtu mwenye duka, aandikwe naye. Wajukuu wa wenye nyumba wa Pangani ya 1938 bado wapo Shauri Moyo, na wanajua kilichotokea mara ya kwanza mji ulipowajengea nyumba nzuri zaidi.